Mashaka ya Bibi Wangao

“Na wewe, Mwalimu, una mashaka?”

Niliulizwa swali hilo katika darasa la misheni pale Sumbawanga, miaka ya mwisho ya Mwingereza, mbele ya padri, katekista na bibi mmoja aliyekuwa miguu mitupu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala. Nilikuwa na jibu la karibu kila kitu, na kile nilichokosa jibu lake nilikiita ushirikina. Niliinama nikatazama viatu vyangu.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi vijana niliowaachia dawati mmeniomba niandike habari za miaka yangu kazini. Mmoja wenu alisema nianze na vyeo. Vyeo vyangu vyote vinaenea kwenye bahasha moja, na bahasha yenyewe imeliwa na panya. Nitaandika habari za kazi: kufundisha watu wazima dini, kazi niliyoianza nikiwa mtu asiyefaa kabisa kuifanya.

Nilifika kwa lori, nimekaa juu ya magunia ya chumvi, na upepo wa Juni ukinipiga hadi meno yakagongana. Mji wenyewe jina lake linamwambia mgeni atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Mimi uchawi sikuwa nao, lakini nilikuwa nimekwisha kutupa mambo mengine mengi njiani: safina ya Nuhu niliitupa mwaka wa kwanza wa chuo, nyangumi wa Yona mwaka wa pili. Nilibaki na Mungu mwenyewe, naye nilikuwa nikimkagua kila siku kama mkaguzi wa shule. Kwa nini basi nilikubali kufundisha katekisimu? Kwa sababu nilikuwa binti wa Kifipa mwenye elimu, misheni ndiyo iliyonisomesha, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kama ninasadiki. Waliniuliza tu kama najua Kifipa vizuri.

Aliyenipokea ni Katekista Alfonsi, mzee mwembamba mwenye baiskeli isiyo na breki. Alizoea kusimama kwa kuingia kwenye kichuguu, na njia zote za kwenda vijijini alizipanga kufuatana na vichuguu.

“Umesoma mpaka Kampala?” aliniuliza.

“Ndiyo, Mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Huko walikufundisha kupiga kengele?”

“Hapana.”

“Basi tuanze hapo.”

Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye mti wa mlingoti, na ukiipiga vibaya ilikurudia. Nilivimba paji la uso siku ya kwanza. Vifaa vingine vilikuwa ubao mweusi uliopasuka katikati, kwa hiyo kila neno refu lilikatika na kuanza upya. Picha mbili za ukutani, moja ya kifo chema na nyingine ya kifo kibaya. Na karatasi ya maswali kumi na manne ambayo kila mtu mzima aliulizwa na padri kabla ya kubatizwa. Picha ya kifo kibaya ndiyo iliyopendwa zaidi. Mgonjwa wake alikuwa na kitanda kizuri.

Swali la tisa katika karatasi ile lilisema: “Je, una mashaka yoyote?”

Sisi walimu pia tuliulizwa, kila mwezi, siku ya kutafakari. Padri Anselmi, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu na kukitamka kana kwamba bado anakisoma, alitupitia mmoja mmoja. Mimi nilijibu “Sina, Padri” kwa kasi ya mtu anayepiga chafya. Alinipenda kwa jibu hilo. Aliniambia mara moja kwamba angekuwa na walimu kumi wa imani kama yangu, Ufipa yote ingesimama imara. Nilimshukuru. Nilikuwa nimetoka kusoma, asubuhi ileile, kitabu kilichosema kwamba roho ni hewa.

Watu wa vijijini walikuwa tofauti. Wiki ya mitihani ya ubatizo, nilikaa pembeni kama mkalimani na kusikia mkulima baada ya mkulima akifika kwenye swali la tisa na kujibu bila aibu yoyote:

“Ninayo, Padri.”

“Mengi?”

“Mengi sana. Ya mwaka huu yamezidi.”

Padri alifunga daftari. “Arudi mwakani.”

Waliotoka Ilemba walikuwa nayo. Waliotoka Malangali walikuwa nayo. Padri Anselmi alikonda. Aliamini kwamba kuna mtu anapita kwenye nyanda zetu akipanda mbegu za ukafiri, na mara mbili alinitazama kana kwamba anataka kunieleza siri. Mimi nikakaa kimya kwa sababu nilidhani mtu huyo ni mimi. Jumapili tatu mfululizo alihubiri juu ya Mtume Tomaso, “yule mtume mwenye mashaka.” Watu walisikiliza kwa huruma kubwa, wakitikisa vichwa. Jumapili ya tatu mama mmoja alileta kikapu cha unga wa ulezi mlangoni pa sakristia.

“Cha nani hiki?” aliuliza Alfonsi.

“Cha yule Tomaso. Mmesema ana mashaka.”

Alfonsi alikipokea akakipeleka nyumbani kwake. Nilipomuuliza kwa nini hakumweleza mama yule, alisema unga ulikuwa mzuri.

Mmoja kati ya waliorudishwa alikuwa Bibi Wangao. Nilipofika mimi alikuwa amekwisha kushindwa Pasaka moja, na mwaka wangu wa kwanza alishindwa ya pili, kwa swali lilelile la tisa. Zamani alikaa Wampembe, ziwani, mume wake akivua samaki na yeye akiwakausha, na hapo ndipo alipookota Kiswahili chake cha kukatakata. Mume alipokufa alipanda juu na binti yake wa pekee, Kristina, aliyekuwa amesoma na kubatizwa huko huko kwa masista. Kristina aliolewa Malangali, akafa akijifungua. Akazikwa katika makaburi ya misheni, ndani ya uzio.

Mtoto alikuwa amekufa kabla ya mama yake, hajapata maji ya ubatizo. Kwa hiyo alizikwa nje ya uzio, pamoja na wenzake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zile, na msione ajabu. Kila mtu aliona ni kawaida, kasoro waliozaa.

Bibi Wangao alitaka kubatizwa ili alale karibu na Kristina. Hakuficha. Kifua kilikuwa kinambana kila msimu wa baridi, na alikuwa anahesabu Pasaka zilizobaki. Alikuja darasani kabla ya wote, akakaa mstari wa mbele, na aliuliza maswali kuliko wengine wote pamoja. Siku moja nilijaribu kumridhisha kwa mfano wa kwao. Nilisema swali gumu ni kama nyasi katika matuta yetu ya ntumba: unazifukia chini ya udongo, unasubiri, zinaoza, unapata mbolea.

“Mwalimu,” alisema, “wewe umewahi kufukia ntumba?”

“Nimeona.”

“Si nyasi zote hufukiwa. Kuna nyasi ukiifukia inachipua pande mbili.” Darasa likacheka. “Leo umevaa kiatu kirefu, ndiyo maana huoni chini.”

Siri ya swali la tisa niliigundua dukani, mwaka wangu wa pili. Bwana Salum aliuza mafuta ya taa, vitambaa na majembe, na lori lake ndilo lililoleta barua zetu. Aliniita “shehe wa kike wa Padri” na kunipunja sukari kwa heshima zote. Siku hiyo mkulima mmoja alikuwa akimlalamikia: nguruwe mwitu wamekula mahindi, mke anaumwa, paa limeng’oka.

“Pole, ndugu yangu,” Bwana Salum alisema. “Dunia mashaka.”

“Mashaka kabisa. Hata Padri nimemwambia.”

Nilibaki nimeshika kibaba changu hewani. “Ulimwambia nini Padri?”

“Aliniuliza kama nina mashaka. Nikasema ninayo. Akanirudisha.” Alinigeukia kwa uchungu. “Mwalimu, hivi Mungu wenu anataka watu wasio na shida tu?”

Bwana Salum alikuwa anatafuta pa kuingilia. “Mimi nina Mashaka mmoja tu, ndiye yule dereva wangu pale nje, na ananitosha. Padri akimtaka, nampa.”

Nilikwenda misheni nikikimbia na viatu mkononi. Msidhani sikujua maana zote mbili za neno lile. Nilizijua tangu utoto. Lakini kwa kuwa mimi nilikuwa na mashaka ya aina moja, sikuwahi kufikiri kwamba wengine wanaulizwa juu ya aina nyingine. Hilo ni kosa la wasomi, nami nililifanya kwa ukamilifu.

Padri Anselmi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza polepole, “Na unga wa Tomaso?”

“Alifikiri ana njaa, Padri.”

Alicheka hadi akavua miwani. Sikuwahi kumwona akicheka. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayoiona ikiungua ni ya jirani. Aliniamuru niandike swali upya, kwa lugha isiyo na mtego, na wote waliorudishwa waitwe tena kabla ya Pasaka. Niliandika: “Je, unasadiki yote tuliyokufundisha, bila kusita?” Nililiuliza kwa Kifipa pia. Wakulima walijibu “Nasadiki” mmoja baada ya mwingine, wakaongeza habari za nguruwe mwitu kwa hiari yao, na Padri akawapitisha wote, pamoja na nguruwe.

Bibi Wangao aliitwa wa mwisho. Alikuwa amepaka miguu mafuta. Maswali nane ya kwanza aliyajibu vizuri kuliko mimi. Kwenye la tisa aligonga meza kwa kidole. Alfonsi, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha pembeni, aliamka.

Kisha alisema kwa Kifipa, bila kupandisha sauti: “Nasita. Pale penye mtoto nasita. Mama ndani, mtoto nje. Sisadiki kwamba Mungu ndiye aliyewapanga vile. Nasadiki mmewapanga ninyi.”

Padri hakujua Kifipa. Alinitazama mimi.

Niwaambie ukweli, kwa kuwa mshahara wangu sasa hauwezi kukatwa. Kile alichokisema bibi yule nilikuwa nimekifikiri mimi, neno kwa neno, tangu siku niliyoviona vile vikaburi. Nilikifikiri kitandani, kanisani, hata nikiwa nafundisha somo lenyewe. Tofauti ni kwamba yeye alikisema akijua kitamgharimu kaburi, na mimi sikuwahi kukisema hata nikiwa peke yangu chumbani. Nilitaka apate alichokuja kukitafuta. Nikamwambia Padri kwa Kiswahili changu cha Kampala:

“Anasema anasadiki, Padri, ila amechoka kusimama.”

“Sijachoka!” Bibi Wangao alipiga kelele, kwa Kiswahili cha Wampembe. “Mimi iko sema nasita! Mwalimu, kwa nini unaninyang’anya maneno yangu?”

Alfonsi alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Padri aliweka kalamu mezani. “Tafsiri tena.”

Nilitafsiri. Safari hii nilisema yote, pamoja na ile “ninyi,” ambayo na mimi nilikuwemo. Padri alisikiliza akitazama dirishani, na dirisha lile lilitazama makaburi. Ndipo aliponigeukia.

“Na wewe, Mwalimu, una mashaka? Aina yako, siyo ya nguruwe.”

Nilitazama viatu.

“Mwache, Padri,” Bibi Wangao alisema. “Anayo. Anayabeba tu kama mwanamke anayebeba mtungi wa kuiba.”

“Bibi,” Padri alisema, “kama unasita, ubatizo unautakia nini?”

Hapo alirudi kwenye Kifipa, nami sikuthubutu kupunguza hata neno. “Nikiwa nje nitabishana na uzio tu. Nikiingia, nitamuuliza mwenye uzio. Miaka mitatu nimekaa darasani kwenu. Ninyi mnasema mnajua. Sijamsikia hata mmoja akisema hapa sijui. Basi nataka kwenda kwa yule anayejua kweli, nimuulize mwenyewe, na sitaki nifike kwake na uongo mdomoni.”

Padri Anselmi aliishika karatasi ya maswali, akaisoma kuanzia juu kana kwamba ameletewa leo. Nilimwona akifika kwenye la tisa na kusimama hapo. Midomo yake ilisogea. Sijui alijijibu nini. Nilimwona tu akijiuliza, na tangu siku hiyo nimemheshimu kuliko maaskofu wote niliowahi kuwasikia.

“Mzee Alfonsi,” alisema hatimaye, “wewe ungefanyaje?”

“Mimi?” Alfonsi alijikuna kidevu. “Padri, wale waliojibu ‘nasadiki’ haraka haraka, kesho nitawaona kwa mganga. Huyu nitamwona hapahapa, mstari wa mbele, akituuliza.”

Padri aliandika neno moja. Nilichungulia: “Apite.”

Alibatizwa Pasaka hiyo. Maji yalipompata alifumbua macho makubwa, akataka kujua kama yametosha. Na Jumatatu ya Pasaka, Alfonsi alikuja na wanaume sita na mashoka wakaung’oa uzio wa makaburi upande wa mashariki. Mchwa, alisema, walikuwa wamekula nguzo. Uzio mpya ulijengwa hatua kumi mbele zaidi, na vile vikaburi vidogo vyote vikajikuta ndani. Mimi nilizichoma nguzo za zamani jikoni kwangu mwezi mzima. Zilikuwa ngumu kama chuma; sikuona tundu la mchwa hata moja. Askofu alipokuja kutembelea na kuuliza, Padri Anselmi, mtu ambaye hajawahi kudanganya hata kuhusu umri wake, alimjibu kwamba katika nchi hii mchwa ni wakali sana.

Tangu hapo nilibadilisha namna yangu ya kazi, na hili ndilo pekee ninalowaachia ninyi vijana kama ushauri, mlitumie au mlitupe. Kila Jumamosi alasiri, baada ya kufuta ubao, nilikaa kwenye benchi la wanafunzi na kujiuliza yale maswali kumi na manne, moja moja, na kuandika majibu kwenye daftari. Jibu lililokuja haraka nililikata kwa mstari na kulisubiri lije tena. La tisa liliniandikisha kurasa nyingi. Wiki nyingine niliandika “ninayo” tu na kwenda kupika. Ajabu ni kwamba, kadiri nilivyoyaandika, ndivyo nilivyoacha kumkagua Mungu kama mkaguzi wa shule, nikaanza kumuuliza kama mtu anayetaka kujua. Sikuwa mtakatifu, wanafunzi wangu wanaweza kuthibitisha. Lakini darasani nilianza kusema “hapa sijui,” na mara ya kwanza niliposema hivyo, Bibi Wangao, ambaye alikuwa bado anakuja ingawa amekwisha kubatizwa, alipiga makofi peke yake.

Nanyi anapokuja mtu akajibu maswali yote kwa mkupuo, bila kumeza mate, msimpongeze. Mpeni kiti, mpeni chai, muulizeni upya. Na mkalimani wenu akitoa jibu fupi kuliko lile lililosemwa, mtazameni viatu.

Bibi Wangao aliishi miaka tisa zaidi, kifua na yote. Padri Anselmi alirudi kwao kabla. Alfonsi alikutana na kichuguu kilichokuwa kigumu kuliko alivyokumbuka, akachechemea hadi mwisho wa maisha yake, na hakununua breki. Bibi tulimzika kati ya Kristina na yule mdogo, na mimi ndiye niliyesoma somo.

Miaka mingi baadaye, nikikaribia kustaafu, nilitumwa Wampembe kunakili vitabu vya zamani vya ubatizo ambavyo unyevu wa ziwa ulikuwa unavimaliza. Nilikuwa namtafuta mtu mwingine kabisa. Katikati ya ukurasa uliokwisha kugeuka rangi ya chai nilikuta jina la Wangao, mke wa mvuvi, na mbele yake maneno: homa kali, hajitambui, amebatizwa katika hatari ya kufa. Pasaka zote tatu tulizomuuliza maswali alikuwa tayari Mkristo, na sidhani kwamba alijua. Kwenye safu ya mwisho, pale panapoandikwa jina la aliyemwagia maji, sista alikuwa ameandika: Kristina, binti yake, mwanafunzi, miaka kumi.